Gari Huharibikia Mkutanoni

Kaa nusu saa katika gereji yoyote ya Ndeeba au Kisekka, hapa Kampala, utakuta hukumu imeshatolewa: magari ya siku hizi ni makopo. Fundi atagonga boneti ya gari jipya kwa kifundo cha kidole, asikilize mlio, atikise kichwa. Mwenye Corolla ya zamani atapongezwa kama mtu aliyerithi kiwanja Kololo. Na tangu habari za Japan zianze kutufikia, kwamba kampuni zilizo ndani ya kundi la Toyota zilichezea vipimo vya usalama na vya moshi, mabishano yamepamba moto. Huyu anasema Mjapani naye amejifunza wizi. Yule anasema ni fitina za washindani. Madereva wa transit wanaoyapandisha magari kutoka Mombasa wanaapa kwamba wao tofauti huisikia kwenye usukani kabla hata ya kufika Mariakani.

Kila mmoja wao ameshika kitu, ila si kitu kimoja. Gari linaweza kuwa baya kwa sababu lilichorwa vibaya, au kwa sababu lilifungwa vibaya, au kwa sababu hakuna aliyelipima ingawa karatasi inasema lilipimwa. Hizo ni habari tatu, na kila moja ina mkosaji wake. Tukizitenganisha ndipo tutaelewa jinsi kampuni yenye maelfu ya wahandisi inavyoweza kuuza gari lenye kasoro ambayo watu wake wenyewe wanaijua kwa miaka kumi.

Ubora, kwa watu wa kiwandani, si viti vya ngozi. Ni gari kutoka kama lilivyoahidiwa kwenye michoro: la kwanza, la elfu kumi na la milioni. Kwa kipimo hicho Vitz inaweza kuwa na ubora kuliko gari la mbunge.

Kasoro ya mchoro huzaliwa na kila gari la aina hiyo. Kasoro ya ufungaji hukamata baadhi tu. Mei 2024, kwa mfano, Toyota iliita yarudi kutengenezwa takriban magari 100,000 ya Tundra na Lexus LX yaliyouzwa Marekani kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji yalikuwa yamesalia ndani ya injini. Kwa maelezo ya kampuni, mchoro haukuwa na shida. Usafi wa kazi ndio uliopungua.

Kurejeshwa kwa magari ndiko huko: kampuni inatangaza kwamba magari ya namba fulani mpaka namba fulani yaende kwa wakala yakatengenezwe bila malipo. Idhini ni jambo jingine kabisa, nalo huja mapema zaidi. Kabla modeli mpya haijauzwa Japan, serikali hutaka ushahidi kwamba imepita vipimo vya kugongwa mbele, kugongwa ubavuni, breki, moshi na kadhalika. Vingi vya vipimo hivyo hufanywa na kampuni yenyewe, ikajaza matokeo na kuyawasilisha. Mfumo wote unasimama juu ya uaminifu wa anayejaza fomu.

Halafu kuna utamaduni wa kazi, ambao wengi hudhani ni fulana za kampuni, chai ya saa nne na hotuba za mkurugenzi. Kwa mada yetu una maana moja tu: mtu wa chini akiona tatizo, nini kitampata akilisema?

Chukua teksi ya abiria kumi na wanne inayotoka Kampala kwenda Mbale. Konda anasikia gurudumu la nyuma linalia. Anajua dereva hajafikisha hesabu ya mwenye gari, na mara ya mwisho aliposema, "Mzee, hapa nyuma pana kitu," alijibiwa, "Wewe umekuwa fundi lini?" Leo ananyamaza, anaendelea kuita abiria. Tajiri anapiga simu kuulizia gari, dereva anasema liko sawa, na wala hasemi uongo, maana hakuna aliyemwambia lolote. Tajiri amekaa nyumbani akiamini ana gari zima. Wakifika Mabira gurudumu linachomoka. Ripoti itaandika kwamba nati zililegea, na ni kweli zililegea. Lakini ukibadilisha nati ukamwacha dereva na majibu yake, umebadilisha nini?

Kiwanda kikubwa ni hivyo hivyo, ila ngazi ni nyingi zaidi. Gari moja lina vipande kama 30,000 ukihesabu mpaka skrubu. Kati ya anayefunga skrubu na mkurugenzi mkuu kuna msimamizi wa kikosi, mkuu wa zamu, meneja wa idara, wahandisi, wanasheria, wahasibu, na kampuni za nje zinazoleta vipuri. Habari njema hupanda ngazi hizo kwa kukimbia. Habari mbaya hupanda ikichechemea, na kila ngazi inaipunguza makali kidogo, hivyo ikifika juu haiumi tena.

Springi moja ndogo

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni wa General Motors (GM) ya Marekani, kampuni ya magari iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa miongo mingi. Katika magari yake madogo kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, swichi ya kuwashia ilikuwa na kipini kinachosukumwa na springi ili kuushikilia ufunguo usirudi nyuma. Springi ilikuwa dhaifu. Ukining'iniza rundo zito la funguo, au goti likigusa, ufunguo ulirudi hatua moja na injini ikazimika gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito na breki inakosa nguvu. La kutisha zaidi ni kwamba umeme wa mifuko ya hewa nao unakatika. Gari linagonga mti, mfuko haufunguki.

Mhandisi aliyehusika aliipitisha swichi hiyo mwaka 2002 ingawa haikufikia kipimo cha kampuni yenyewe. Wateja walianza kulalamika kwamba magari yanazimika barabarani. Ndani ya kampuni lalamiko hilo liliwekwa katika fungu la usumbufu kwa mteja, si fungu la usalama, na uamuzi huo mdogo wa kiofisi ndio uliozaa mengine yote: fungu la usumbufu halina haraka, na kila suluhisho hupimwa kwa gharama yake. Mwaka 2005 mawakala walipewa maelekezo wawashauri wateja wapunguze uzito wa funguo zao. Mwaka 2006 springi ndefu zaidi ikaidhinishwa kimyakimya, bila kubadilisha namba ya kipuri. Yeyote anayeuza spea pale Kisekka anajua maana ya jambo hilo. Vitu viwili tofauti vikibeba namba moja, hakuna atakayejua kipi ni kipi, na ndivyo wachunguzi walivyozunguka miaka kadhaa wakijiuliza kwa nini magari ya kuanzia 2008 hayana tatizo lile. Aliyevumbua siri alikuwa mhandisi wa nje, aliyeajiriwa na wakili wa familia iliyofiwa. Alizifungua swichi mbili akazilinganisha.

Magari takriban milioni 2.6 yaliitwa kuanzia Februari 2014. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Wabunge wa Marekani walielezwa kwamba kipuri chenyewe kingegharimu senti 57.

Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Juni 2014 ina zaidi ya kurasa 300, na kurasa zinazostahili kusomwa si zile za springi. Ni zile za mikutano. Wafanyakazi walieleza namna mbili za kukaa kikaoni ambazo kila mtu pale alizifahamu. Ya kwanza ni kutikisa kichwa: wote wanakubaliana na mpango, wanatoka nje, hakuna anayekusudia kuufanya. Ya pili ni kukunja mikono kifuani huku vidole vikielekea kwa jirani, kwamba jambo hili ni la idara ile. Wengine walisema hawakuandika kumbukumbu za vikao vya usalama kwa kuwa waliamini wanasheria hawataki. Na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikaanika mafunzo ya ndani ya mwaka 2008 yaliyowaelekeza wahandisi maneno ya kuepuka katika ripoti: usiandike "kasoro", andika kwamba kifaa "hakifanyi kazi kulingana na mchoro", usiandike "tatizo", andika "suala" au "hali".

Sitaki kuwadharau watu wale. Wengi walikuwa wahandisi wazuri, na ripoti haikukuta mtu aliyekaa akapanga kuua wateja. Kila mmoja alifanya lililomlinda yeye kwa siku ile. Mkurugenzi mpya, Mary Barra, aliyekuwa ameingia ofisini Januari mwaka huo huo, aliwafukuza watu 15. Vichwa vilianguka, sawa. Ila ukiisoma ripoti ile huwezi kuamini kwamba watu 15 peke yao ndio walioijenga tabia hiyo.

Kamba ya California

Wapo watakaosema hiyo ni tabia ya Wamarekani, wavivu wenye vyama vya wafanyakazi vyenye kiburi. GM wenyewe waliwahi kuamini hivyo, na jibu walilipata katika kiwanda chao wenyewe.

Kiwanda cha Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya kuliko karibu vyote vya GM. Watu walikunywa pombe kazini. Siku nyingine mmoja katika kila watano hakutokea. Wapo walioharibu magari makusudi kwa kuwakomoa wakubwa. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale, na chama chao kile kile. Toyota iliwapeleka baadhi yao Japan kwa mafunzo, kisha ikafunga juu ya mstari wa kuunganishia magari kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuivuta.

Ukiivuta, taa inawaka na muziki unalia. Msimamizi anakuja mbio, na swali lake la kwanza ni tatizo liko wapi, nikusaidieje. Likikosa kutatuliwa kabla gari halijafika hatua inayofuata, mstari wote unasimama. Katika kiwanda cha zamani, kusimamisha mstari lilikuwa kosa lisilosamehewa: gari lenye kasoro lilipita, likaegeshwa nje pamoja na wenzake mamia, likasubiri kutengenezwa baadaye, au lisitengenezwe. Sasa mtu yule yule aliyekuwa akificha chupa ya pombe alikuwa na mamlaka ya kusimamisha kiwanda. Utoro ukashuka hadi karibu asilimia 2, na ubora wa magari ukalingana na wa Japan.

GM ilijaribu kuipeleka kamba hiyo katika viwanda vyake vingine na mara nyingi ikashindwa. Kamba ilifungwa, lakini aliyeivuta alitazamwa kwa jicho baya, na mameneja waliendelea kulipwa kwa idadi ya magari yaliyotoka. Nimeona ofisi za hapa kwetu zenye sanduku la maoni ukutani lililoshika kutu kwenye kufuli. Ni ugonjwa ule ule.

Mwalimu naye alipopotea

Hapa ndipo habari za Japan zinapouma. Toyota ndiyo iliyoifundisha dunia kuvuta kamba. Imekuwaje?

Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Mwaka 2008 Toyota iliipita GM kwa idadi ya magari yaliyouzwa. Mwaka 2009 na 2010 ikalazimika kuita mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia ya sakafuni yaliyonasa pedali ya mafuta na pedali zilizokwama. Februari 2010 mkuu wake, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, aliketi mbele ya Bunge la Marekani akaeleza kwamba kampuni ilikua haraka mno, na kwamba mpangilio wake wa zamani, usalama kwanza, ubora wa pili, wingi wa tatu, ulichanganyikiwa. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu kasoro hizo. Wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliochunguza vifaa vya umeme vya magari yale hawakukuta kosa la umeme. Tatizo la mitambo lilikuwa la kawaida tu. Kilichogharimu mabilioni ni namna lilivyosemwa.

Kisha wakaja ndugu wa ukoo. Hino, wanaotengeneza malori unayoyaona kila siku kwenye foleni ya Malaba, walikiri Machi 2022 kwamba walighushi takwimu za moshi na za matumizi ya mafuta. Uchunguzi ukarudi nyuma hadi 2003. Januari 2024 ikawa zamu ya Toyota Industries, waundaji wa injini za dizeli zinazofungwa kwenye Hilux, Fortuner, Hiace na Land Cruiser 300: wakati wa kupima nguvu ya injini, walitumia programu tofauti na ile iliyo kwenye magari yanayouzwa, ili matokeo yaonekane yamenyooka. Toyota ilisema hakuna haja ya kuacha kuyaendesha magari hayo.

Lakini aliyetufungulia chumba cha ndani ni Daihatsu, inayomilikiwa yote na Toyota tangu 2016. Unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: Toyota Passo, Rush na Raize zimetoka mikononi mwake. Desemba 2023 wachunguzi huru walitangaza makosa 174 katika vipimo, yakigusa modeli 64, baadhi zikiuzwa kwa nembo ya Toyota, Mazda na Subaru. La kale kuliko yote lilikuwa la 1989, na idadi iliongezeka baada ya 2014. Viwanda vyake vyote vya Japan vilisimama.

Moja ya makosa hayo lieleweke vizuri. Katika kipimo cha kugonga, mfuko wa hewa unapaswa kufunguliwa na kompyuta ya gari inapohisi mgongano. Kompyuta haikuwa tayari na tarehe ya kipimo imefika. Wakafunga kifaa cha saa: ikifika sekunde fulani, mfuko ufunguke. Mfuko ukafunguka. Picha zikapendeza, fomu ikajazwa. Hakuna aliyejua siku hiyo kama kompyuta ingefanya kazi au la.

Kwa nini? Wachunguzi waliulaumu uongozi kuliko mafundi. Daihatsu iliwahi kuunda gari dogo kwa muda mfupi ajabu, likaleta faida, na muda ule wa dharura ukageuzwa kuwa muda wa kawaida kwa kila gari lililofuata. Vipimo vya kugonga vikabaki mwishoni mwa ratiba, mahali ambapo siku zote zilizopotea mwanzoni hudaiwa. Kufeli hakukuruhusiwa, maana tarehe ya kuanza kuuza ilishapangwa. Na wafanyakazi walieleza kwamba ukipeleka shida kwa bosi ulirudishiwa maswali tu: kwa nini umekosea, utafanyaje, utawahi? Hakuna aliyesema tukae tuone. Baada ya majibu ya namna hiyo mara mbili tatu, mtu mwenye akili zake haendi tena. Anatafuta kifaa cha saa.

Kwa haki yao niseme pia kwamba Serikali ya Japan ilipopima upya, modeli nyingi zilikutwa zinatimiza viwango, ingawa chache zilifutiwa idhini, Toyota Town Ace ikiwemo. Wengine watasema basi hakukuwa na hatari. Mimi nasema walibahatika.

Ugonjwa wenyewe hauna kabila. Volkswagen ya Ujerumani iliumwa vibaya zaidi: Septemba 2015 iligundulika kwamba magari yake ya dizeli kama milioni 11 yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye mashine ya kupimia moshi, likajifanya safi. Wahandisi walikuwa wametakiwa kutoa injini ya bei nafuu, yenye nguvu na isiyochafua, vyote kwa pamoja, na katika kampuni iliyojulikana kwa wakubwa wakali hakuna aliyethubutu kusema haiwezekani. Gharama yake imepita euro bilioni 30.

Mtu anayeuliza dawa ni nini, mimi humsimulia kikao kimoja cha Ford. Mwaka 2006 kampuni ilikuwa inaelekea kupoteza mabilioni ya dola, naye mkurugenzi mpya Alan Mulally aliwataka wakuu wa idara walete taarifa zenye rangi: kijani kama mambo yako sawa, manjano kama kuna wasiwasi, nyekundu kama pameharibika. Wiki baada ya wiki zilikuja kijani tupu. Akawauliza, kampuni inafilisika, kweli hakuna hata kimoja kinachokwenda kombo? Hatimaye mmoja wao, Mark Fields, alileta nyekundu: gari jipya, Ford Edge, lilikuwa na hitilafu na amesimamisha uzinduzi wake. Ukumbi ukanyamaza, wenzake wakidhani kazi yake imeisha. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Wiki chache baadaye meza ilijaa rangi zote. Fields alikuja kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 2014.

Tunayoyasema gereji

Gari zito la zamani lilikuwa salama zaidi? Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya bima na usalama barabarani iligonganisha uso kwa uso Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Kile chuma kizito kilijikunja mpaka kwa dereva. Mwenye Bel Air angekufa, mwenye Malibu angeumia mguu. Boneti nyepesi inayokunjika imechorwa ikunjike, ili isikunjike mbavu yako.

Na zile Corolla za miaka ya 1990 zinazotamba mpaka leo? Zinatamba zilizobaki. Zile mbovu zilishakuwa sigiri pale Katwe, na sigiri haihesabiwi katika ubishi wa gereji.

Wengine huona magari mengi kurejeshwa ni ishara kwamba kampuni imeoza. Si lazima. Ford ilipita matangazo 100 ya kurejesha magari nchini Marekani mwaka 2025, ikavunja rekodi ya 77 iliyowekwa na GM mwaka 2014, nayo inajitetea kwamba imeamua kutafuta makosa na kuyatangaza upesi. Sehemu ya utetezi huo naikubali. Sehemu nyingine siikubali, maana mtu anayefagia kila siku bado anaweza kuulizwa kwa nini nyumba inachafuka hivyo. Ninachojua ni kwamba GM ya 2005 ilikaa kimya kuhusu swichi yake, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko matangazo yoyote.

Kuna pia lawama tunazopeleka Japan ambazo ni zetu. Premio na Allion nyingi za kuanzia 2007 zina gia ya mkanda, CVT, inayotaka oili yake maalum. Fundi akiweka oili ya kawaida ya gia otomatiki, gia itakufa, na mwenye gari ataapa kwamba Toyota si ile.

Yanayotufikia sisi

Uganda haipokei gari likitoka kiwandani. Hupokea gari lililokwisha kuishi maisha yake ya kwanza kwingine. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, hivyo mengi ya yaliyopangwa kwenye bondi, yaani yadi za kuuzia magari, za Nakawa yamekaa barabarani miaka mingi kwanza. Maana yake, uamuzi uliofanywa katika mkutano mmoja Osaka unaweza kutufikia miaka kumi baadaye, ukiwa umepakwa rangi na kuoshwa.

Ukaguzi unaofanywa Japan kabla ya gari kupakiwa melini, chini ya utaratibu wa shirika la viwango UNBS, huangalia kama gari linafaa barabarani na kama mileji haikurudishwa nyuma. Ni kazi muhimu. Lakini mkaguzi hawezi kuona springi iliyo ndani ya swichi, wala unga ulio ndani ya mfuko wa hewa.

Mfano wa unga huo ni Takata, kampuni ya Japan iliyouzia mifuko ya hewa Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine. Kilichoufungua mfuko kilikuwa kemikali ya ammonium nitrate, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani pekee waliokufa ni zaidi ya 25. Vifaa kama milioni 100 viliitwa duniani. Takata nayo ilikiri mwaka 2017 kwamba ilidanganya wateja wake kuhusu matokeo ya vipimo, kisha ikafilisika. Joto, unyevu, miaka mingi: sifa hizo tatu tunazo zote kuanzia Entebbe mpaka Arua.

Barua ya kurejesha gari hutumwa kwa mmiliki anayejulikana. Gari likishauzwa kwenye mnada Yokohama, likapita Mombasa na kusajiliwa Kampala, barua inaishia kwa mtu ambaye hata halikumbuki. Kwa hiyo kazi ya kuuliza inabaki kwako, nayo huanza na namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani, ndiyo sababu tovuti za Kimarekani huzikataa namba zake. Yana kodi ya modeli, kistari, kisha kwa kawaida tarakimu saba: ZNE10 kwa Wish, NZE121 kwa Corolla, ACU30 kwa Harrier. Watengenezaji wakubwa wa Japan wana ukurasa wa Kijapani wa kuiingiza namba hiyo, na simu yenye kutafsiri itakusaidia kusoma kama gari lilishaitwa na kama lilishatengenezwa.

Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni kabla hujalipa, gari likiwa bado Japan, kwa kuwa huko marekebisho ya kurejeshwa ni bure na hayategemei nani alilinunua kwanza. Mwombe muuzaji alipeleke kwa wakala na akutumie karatasi ya kazi iliyofanyika pamoja na picha za kawaida. Akianza kuzunguka, muulize tena kwa maandishi. Akikataa, Wish ni nyingi, chagua nyingine.